Majora ya Pamba

Mjukuu wangu Baraka,

Bibi yako hajambo huko Mwanza, anamsalimu mume wake mdogo. Mimi nipo Guangzhou, China, ndege yangu ni jioni na mzigo wa vitambaa vya kuuza haujakamilika.

Unauliza kwa nini klabu yenu ya kampuni huko India inawapeleka wachezaji kiwandani asubuhi, wakati ninyi mlifuata mpira. Swali hilo limenikosesha raha. Ujanani nilichezea timu ya kiwanda cha nguo. Zamu ya asubuhi nilikuwa nikilala stoo, juu ya majora ya pamba, na msimamizi, shabiki wetu, akinifichia siri. Kampuni ilipovunja timu, wenzangu walibaki kwenye mashine. Mimi, nisiyejua kazi, niliondoka na viatu vya kuchezea mpira tu.

Sasa nipo dukani, Barabara ya Zhanqian, nimeshika kitambaa. Muuzaji anaapa ni pamba, na vidole vyangu havijui.

Babu yako