Mto wa Pamba wa Bibi Scolastika

Mtaa wa Nyasubi,
Kahama.
14 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Nestory,

Marahaba, kwa kuwa najua umeniamkia huko Songea. Mkeo Vaileth na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa magoti yangu. Barua yako ya mwisho haikuwa na tarehe, nimekusamehe.

Dada yako Martina angali wodini. Huu ni mwezi wa pili tangu mafuta ya vitumbua yamuunguze shingo na kifua. Kwanza tulihofia figo, maana mkojo ulikuwa haba. Kisha vidonda vikaingia maambukizi, homa ikapanda siku tisa. Hayo yamepita, namshukuru Mungu.

Lililobaki, la shingo, nimelichochea mimi. Unaukumbuka mto alioushona bibi yenu Scolastika, akaujaza pamba ya shamba letu, ule mliougombea kila jioni? Nilimpelekea. Alikiegemeza kichwa, akafumba macho, akasema unanukia nyumbani. Nilirudi na furaha.

Baada ya siku kumi muuguzi Zipora aliuinua.

"Mzee, mto huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi rudi nao. Shingo ikikaa imekunjwa, kovu linakaza hivyo hivyo. Mkimhurumia namna hii, kidevu kitashikana na kifua."

Mimi, mwalimu niliyewasimamisha wengi ubaoni, nikaupokea mto na kuubana kwapani. Martina akacheka akigugumia maumivu: "Baba Mkubwa, leo umepatikana!"

Sasa analala bila mto, na lazima atazame juu mara nyingi kwa siku. Shingo isiponyooka, watamkata kovu na kumbandika ngozi nyingine. Mazoezi yanauma mno. Jana aliyakataa kabisa.

Nikakumbuka misimu ya mavuno, mlivyolala chali juu ya lundo la pamba, mkihesabu ndege yangeyange waliopita angani wakitoka kwa ng'ombe. Wewe ulipotea kila ulipofika ishirini. Yeye hakushusha uso mpaka wa mwisho apite. Nilipomkumbusha, alisema, "Nestory alikuwa anaruka namba," akainua kidevu kidogo.

Kwa hiyo nakuagiza: piga simu ya video kila siku saa kumi jioni. Nitaishika juu ya kitanda, mkono ukinyooka kadiri ya nguvu zangu. Asipoinua uso, hatakuona. Uhesabu naye, na usiruke.

Mama yenu mkubwa Epifania anakusalimu, na jirani yetu Jilala pia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Mto nimeurudisha chumbani kwenu. Akipona, mje muugombee.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye ingawa sikuzoea kulisema,
Gregory