Jipu la Mpima Ardhi

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi kutoka kazini, kliniki ya meno, kwa njia ya nyuma, kukwepa foleni ya magari. Kwenye geti moja kuna kadibodi: JIPU LINAUZWA. Nikadhani ni utundu wa watoto. Nikachungulia. Kweli ni jipu — gari, siyo uvimbe. Lile la zamani, la pembepembe, taa mbili mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Kutu kila mahali. Tairi zimelala chapati. Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

Nimesimama pale mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama najisikia vibaya.

Ni mpima ardhi, mstaafu. Amezunguka nalo porini kazi yake yote. Nikauliza, linawaka? Akasema liliwaka. Na sakafu? Hilo dogo, akasema. Nimeinama kuangalia hilo dogo. Nimeona nyasi.

Mke wangu sijamwambia. Hakuna cha kumwambia. Nilikuwa napita tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepita tena. Foleni.

Hapakuwa na foleni.

Ijumaa, 12 Septemba

Kutwa nzima nimechonga fizi za nta. Meno ya bandia ya bibi mmoja, anayataka yawe kama yake ya zamani, ila mazuri. Mikono iko kwenye taya, kichwa kiko chini ya boneti. Daktari, bosi wangu, kapita akauliza mbona leo napiga mluzi. Mimi sijui kupiga mluzi.

Nimejipa hoja: ninayeweza kumtengenezea mtu taya zima, bodi ya gari itanishinda nini? Yote ni kukwangua, kuziba, kupiga msasa, kupaka rangi. Tofauti ni ukubwa tu. Na injini. Na chesisi, na gia, na nyaya. Sijawahi kubadilisha hata tairi. Hilo naliandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia! Tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anasuuza, mimi nafuta. Mke wangu ni mwalimu mkuu msaidizi. Kusema hapana ndiyo kazi yake. Anaifanya shuleni mpaka saa tisa, kisha anakuja nayo nyumbani. Kwa hiyo nilijiandaa. Nilikuwa na majibu kibao.

Nikasema, "Mama, kuna jipu nataka kulinunua."

Akasema, "Wenzako wanalipa wakamuliwe, wewe unalipa ulipate?"

Nikaeleza. Gari. Bovu, ndiyo, lakini nitalitengeneza mwenyewe, polepole. Akasuuza sahani. Akasuuza nyingine.

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nunua."

Nikasubiri lililobaki. Halikuja. Akafuta mikono, akaenda kusikiliza taarifa ya habari.

Nikabaki na sahani mkononi na majibu yangu yote.

Jumatatu, 15 Septemba

Ile "sawa" inanitesa. Labda anaumwa. Labda kuna kitu anakijua.

Nimempigia binti yetu. Tangu aolewe na kuhamia mbali nyumba imepwaya. Mimi na mama yake tunaongea habari za gesi na maji, basi. Nikamwambia mama yako kakubali ninunue gari bovu. Akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena kunimalizia: "Baba, sasa umepatikana!"

Lazima nipate mtu wa kusema hapana. Mtaalamu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempeleka fundi makanika akalikague. Mtaani wanamwita Itawezekana. Jina hilo lingenitosha kama onyo, lakini ndiye aliyekuwa na nafasi.

Ameingia chini ya gari na bisibisi. Akaichoma chesisi. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomoa, akaitazama, akapuliza unga wa kutu.

"Itawezekana."

Breki? Hakuna kabisa, ila itawezekana. Chujio la hewa? Panya wamejenga. Itawezekana. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kiume, wewe mwenyewe ungelinunua?

"Mimi? Mimi nina akili zangu, mzee."

Mpima ardhi alisimama kando, mikono nyuma, kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtoto wake. Mkewe akapiga kelele kutoka dirishani: asiyenunua apishe, yeye anataka mahali pa kuanikia nguo!

Alhamisi, 18 Septemba

Mke wangu kasema Jumamosi twende wote akalione. Nimefarijika mno. Akiliona tu, basi. Atakataa, nitanuna siku mbili, maisha yataendelea.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika hapa hapa, ndani ya jipu, kiti cha abiria. Sina pengine pa kukaa na sina la kufanya.

Nianze mwanzo. Tumefika asubuhi. Mke wangu kalizunguka mara moja, akamtoa kuku, akapangusa kiti kwa kitambaa chake, akakaa kwenye usukani. Nikakaa pembeni yake, nikaanza kumtajia mabovu, moja moja, kwa msisitizo. Hakusikiliza. Akabonyeza honi. Kimya. Akaangalia huku, akaangalia kule, na mwalimu mkuu msaidizi, mtu ambaye wanafunzi wakisikia viatu vyake wanaacha kupumua, akasema kwa mdomo:

"Piii."

Tangu harusi ya binti sijamwona na uso ule wa furaha.

"Unalitaka?" akaniuliza.

"Inategemea. Wewe unasemaje?"

"Mimi nilishasema sawa."

"Lakini limeoza, mama."

"Nimeona."

"Halina breki."

Akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Baba, breki yako miaka yote hii ni mimi. Unaleta jambo, unanitazama usoni, unasubiri nikanyage. Lile gitaa ulilotaka kununua, nani alilikataa?"

"Wewe."

"Mimi niliuliza utapiga lini. Ukanyamaza. Ukaenda kuwaambia ndugu zako nimekataa. Mpaka leo mama mkwe ananiona mimi ni adui wa muziki."

Hilo la mama yangu ni kweli.

"Nimechoka kuwa mbaya kwa niaba yako," akasema. "Leo sikanyagi. Naingia ndani kuomba maji. Nikitoka utaniambia tunalichukua au tunaliacha. Lolote utakalosema, mimi nitakuwa upande wako. Ila useme wewe."

Akashuka. Mlango ukabaki mkononi mwake. Akauegemeza ukutani kwa adabu, akaingia ndani na mpima ardhi.

Nimekaa. Nimetoa daftari. Kupitia dirishani nawasikia yeye na mke wa mpima ardhi wanacheka, sijui wanamcheka nani. Nimejaribu kupima uzuri wake, bei yake na ubovu wake. Kila nikifika mwisho wa wazo nageuza shingo kuangalia uso wa mke wangu, nakuta kiti kitupu.

*

Limesimama lori getini. Mnunuzi wa vyuma chakavu! Anasema mke wa mpima ardhi kamwita jana, kwa siri. Kashuka na mnyororo begani, kaja moja kwa moja upande usio na mlango.

"Mzee, shikamoo. Hili ndilo la kubeba?"

Nikageuka kumtafuta mke wangu dirishani. Hayupo.

"Halibebwi," nikasema.

"Kwani lina mwenyewe?"

"Lina."

"Nani?"

"Mimi."

Sauti imetoka kubwa kuliko nilivyopanga. Nimejishtua mwenyewe.

Sijalipa. Bei hatujapatana. Mpima ardhi hana habari. Yule mtu ameketi kwenye ngazi ya lori lake, mnyororo mapajani, anasema hana haraka, watu huwa wanabadilisha mawazo. Nimemwambia atulie tu hapo hapo mpaka achoke. Mimi! Kwa sauti hiyo hiyo!

Nimehamia kwenye kiti cha dereva, nimeshika usukani kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Kutu imenijaa viganjani.

Mlango wa nyumba unafunguka. Ni yeye, ana glasi ya maji. Anamtazama mtu wa lori. Anautazama ule mnyororo. Sasa ananitazama mimi, na mimi nafunga daftari nimwambie: tunalichukua.