Mama Mkwe Amenijibu kwa Herufi Mbili

Bu Kinasih mpendwa, naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo naogeshwa maji ya mimba ya miezi saba, kwa desturi ya Kijawa, na sijui kama mama mkwe wangu atakuja kunimwagia, na mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo asipokuja yeye nitakaa pale kwenye kiti nikimwagiwa na mashangazi na majirani tu, bila mama hata mmoja. Mimi ni Mbatak wa Balige, nimeolewa na Mjawa, kabila na lugha nyingine kabisa, tunakaa Semarang, na mama mkwe, Ibu Sukarsih, yuko Klaten peke yake. Nilipoolewa alikuwa akiniandikia kwenye simu kila asubuhi, maneno mazima bila kukata hata moja, "Habari za asubuhi mwanangu Tiurma, huku mvua imenyesha na kuku wote wamelowa, je, umeshakula, usiende kazini na njaa. Ni mimi, Ibu." Kila mara anamalizia hivyo, ni mimi, Ibu, yaani Mama, kama vile simu haionyeshi jina lake, na mimi nacheka peke yangu ofisini, nilimpenda sana mama huyu.

Sasa siku moja nikajaribu kumjibu kwa Kijawa cha heshima kwenye kundi la familia, nikajichanganya, neno la kula la wakubwa nikajipa mimi na la watoto nikampa yeye, basi shangazi wa mume wangu, Bude Warni, akaandika, "Malkia wa Balige ameshakula, jamani, nani atoe vyombo?" na ukoo ukacheka, nami nikaona heri niwe naandika kwa kifupi, maana neno likishakatwa hakuna anayejua kama lina adabu au halina. Akiniuliza kama nimekula, najibu "Nmk," yaani nimekula. Akiniuliza mimba, "Nzr bu." Ofisini kwetu wote tunaandikiana hivyo. Prasojo, mume wangu, akaja kuniambia, "Mama kapiga simu, anauliza Nmk ndiyo nini, umemkasirikia?" Nikamwambia amweleze tu, akamweleza. Tangu hapo ujumbe wake ukawa unapungua, mvua ikatoka, kuku wakatoka, na juzi nilipomwandikia "Bu, Jmos njoo unimwagie maji," akajibu "Sw." Herufi mbili, na hakuna ni mimi, Ibu. Nimelia, Bu Kinasih. Prasojo anasema, "Sawa si ndiyo sawa, unataka nini tena?" lakini Bude Warni anasema mama hajatoa hata nguo ya sherehe sandukuni. Amenichoka? Nifanye nini?

Tiurma, Semarang

Tiurma mwanangu, pole. Futa machozi kwanza, maana nataka kukugombeza kidogo na sipendi kumgombeza mjamzito anayelia.

Mama mkwe wako hajakuchoka. Mama wa watu amekaa na simu yake Klaten, akajifunza kukata maneno ili afanane na mkaza mwana wake. Alidhani ndivyo unavyopenda, akaona kuku wake wanakuchosha, akawaondoa. Mwalimu wake ni wewe. Leo amekujibu kama ulivyomzoesha, unalia.

Bude Warni mwache. Kila ukoo wa Kijawa una wake, na mimi ninaye wangu, na bado naishi. Ila hujaniambia kama Ibu Sukarsih naye alicheka siku ile, na nadhani hujaniambia kwa sababu hakucheka.

Halafu nikuulize. Mimi hunijui, hata sura yangu hujawahi kuiona, lakini umenimwagia moyo wote, mvua na kuku na machozi, bila kukata neno hata moja. Yeye anayetaka kujua kila asubuhi kama umekula unampa "Nmk." Kweli hiyo ni haki?

Sasa sikiliza. Leo hii, si kesho, mwombe akuletee maji ya kisima chake, maana maji ya visima saba ya kuogeshwa unayahitaji vyovyote vile, basi kisima cha kwanza kiwe cha kwake. Usimtume mume wako aseme. Andika mwenyewe, kwa hicho hicho Kijawa chako kibovu. Ukikosea, ukosee kwa maneno mazima, na akikusahihisha mshukuru, kwa sababu hakuna mama anayehangaika kumsahihisha mtu aliyemchoka. Waulizie kuku. Mwambie kwamba mama yako mzazi hayupo, na kwamba unataka mkono wa kwanza kukumwagia uwe wake. Hilo naamini hujawahi kumwambia hata kwa kifupi. Na Prasojo amfuate Ijumaa, asimwache mama apande treni na dumu la maji.

Ukimaliza, hata kama jina lako linaonekana pale juu, andika hivi: Ni mimi, Tiurma, mwanao.

Bu Kinasih