Fimbo Yako Imefika Al Rigga, Baba

Kwa Mheshimiwa Herbert Lisutsa: mwanajeshi, afande, mbunge. Mwaka mmoja tangu kifo chake: Oktoba 2005 – Oktoba 2006.

Komeo la mlango likilia gizani nashtuka, Baba. Ni mume wangu Gibson tu, anafunga. Mwaka umetimia tangu watu wasiojulikana wakupige risasi langoni kwako, na hata huku Al Rigga, Dubai, bado nasikiliza kila mlango.

Ulikuwa mpole kuliko sare zako. Ulipokuwa mkuu wa kituo cha polisi, vijana waliokamatwa walikunywa chai ya Mama asubuhi, tena ya maziwa. Jeshini ulijifunza kutandika kitanda hadi shuka likaze kama ngozi ya ngoma. Ulipotutembelea hapa ulitandika na cha binti yangu Ivy, naye bado yumo ndani amelala! Na masomo yangu ya jioni uliyaulizia kila ukipiga simu. "Umefika wapi, mama?" Nimemaliza, Baba. Cheti kiko ukutani.

Mkahawani hukuupa mlango mgongo hata siku moja. Nilikucheka, ukasema, "Cheka tu, mama. Mimi naogopa, ndiyo maana nimezeeka."

Hukuzeeka vya kutosha.

Sasa wazee wa nyumbani wamemtuma Mzee Severin na fimbo yako. Amekuja nayo kwa ndege, imeviringishwa kwenye kanga ya Mama. Wanataka ndugu yangu Shem, mlinzi wa ghala hapa Dubai, agombee kiti chako mwakani. Akiipokea kwa mikono miwili, amekubali. Unajua mwenyewe kwamba hapo hakuna kurudi nyuma.

"Mwana wa afande analinda maboksi Al Quoz?" Mzee alimchokoza hapa sebuleni.

"Maboksi hayamwindi mtu, Mzee," Shem akajibu. Tukacheka.

"Kwani unaogopa?" Mzee akamuuliza.

"Nani, mimi? Siogopi."

Amepewa hadi Ijumaa, baada ya ibada ya kukuombea. Tangu siku hiyo chakula anakigusagusa tu. Waliokupiga hawajakamatwa, Baba, na lango ni lile lile.

Wewe ulitufundisha kwamba hofu si aibu. Kwa hiyo tunasema mbele yako, na wazee mnaosoma mtusikie: fimbo irudi kwa Mama. Naamini siku moja kiti kile kitapata mtu atakayefika kwake salama jioni, na watoto wetu watarudi kupiga kura bila woga. Inshallah, kama wasemavyo hapa. Lakini Shem tuachieni.

Hatuwezi kukusahau, sisi uliotupenda: mkeo Phyllis, aliyebaki nyumbani, mwanao Shem, mimi binti yako Lois na Gibson, na mjukuu wako Ivy, wa miaka minne. Nilipowasomea haya kabla ya kuyapeleka gazetini, Shem alitaka nifute, eti wazee watamwita mwoga. Ivy akamshika mkono, akasema kwa sauti, "Mjomba, mkono wako unatetemeka."