Mwanangu Aliyeona Mipira Miwili

Mwanangu Byamungu,

Chumba chako sijakipangisha. Watu wanakuja kuuliza, maana hapa Mafubira, kando ya Jinja, sasa kila anayefanya kazi mjini anatafuta pa kulala, nami nawaambia bado hakijawa tayari. Mazulia nimeyaanika, ukuta nimeupaka chokaa, kitasa kimebadilishwa. Kipo tayari kabisa. Mimi ndiye niliye bado.

Nakumbuka asubuhi uliyoletwa. Odong, mlinda mlango wa timu yenu ya mpira, alikuwa amekubebea begi, nawe ulikuwa nyuma yake umeinamisha kichwa. Ulikuwa umekaa na timu wiki kadhaa bila mtu wa kuzungumza naye isipokuwa yeye. Ukanisalimia kwa Kiswahili cha kwenu Uvira, Kongo, nikakujibu kwa hiki changu nilichonyonya kwa mama yangu, mwenyeji wa Kisumu. Hukuingia ndani. Ulikaa palepale kizingitini ukaanza kusema: habari za ziwa lenu, za dada zako, za njia uliyopita hadi Jinja. Nilikuwa nachagua mchele wa kupeleka sokoni. Ulisema mpaka mchele ukaisha na adhana ya adhuhuri ikaita. Ulikuwa kama mtu aliyekuwa na kiu.

Siku hiyohiyo ulianza kuniita mama. Nilikupikia kisamvu, ukakiita sombe, ukasema kimekosa mawese lakini ukakimaliza. Matoke, ndizi zetu za kupika, hukuyapenda hata siku moja, ingawa ulikuwa na adabu ya kuyala.

Nataka kuwa mkweli juu ya Kocha Waiswa, kwa sababu watu wamesema mengi. Hakuwa mtu mbaya kwako. Ulipougua malaria alikuja mwenyewe na dawa, akakaa kando ya kitanda chako, mkatazamana bila neno. Alikupenda kwa jinsi ulivyoruka kupiga mpira kwa kichwa. Lakini Kiswahili hakukitaka masikioni mwake. Odong alinieleza sababu. Zamani za utawala wa wanajeshi, watu waliingia nyumbani kwao wakamchukua kaka yake mkubwa, na amri zote walizotoa pale uani zilikuwa za Kiswahili. Kaka hakurudi. Tangu hapo, kwa kocha, lugha hiyo ilikuwa na buti miguuni. Aliwaambia wachezaji kwamba timu yake si kambi ya jeshi, na kwamba mgeni atajifunza Kiingereza au Lusoga, lugha ya hapa kwetu, kama wengine.

Odong, mtoto wa askari magereza kutoka kaskazini, alikulia kambini na Kiswahili kilikuwa lugha ya michezo yake ya utotoni. Alikutafsiria kwa kunong'ona, akakemewa, akaendelea kunong'ona. Asipokuwa karibu, ulitazama miguu ya wenzako ili ujue kocha ameagiza nini. Uliniambia unacheka ukikumbuka anavyokushika mabega na kukusogeza uwanjani kama mtu anayesogeza kabati. Ulicheka, ndiyo. Kisha ukasema kwenu ulikuwa nahodha, ulikuwa unawapanga wenzako kwa sauti, na hapa hata jina lako mwenyewe wanalitamka nusu.

Halafu ikaja ile mechi ya hapa Jinja mliyogongana vichwa na beki wa wapinzani. Ulianguka, ukainuka, watu wakapiga makofi. Jioni ulipokuja nyumbani ulimimina chai kando ya kikombe. Meza ikalowa, nawe ukawa unaitazama tu. Nikakuambia umweleze kocha, na Odong akusaidie.

"Kichwa inauma kidogo tu, mama," ulisema. "Nikisema sasa, mechi ya Mbale sitacheza. Nitamwambia tukisharudi."

Nilikubishia, nikakwambia kichwa si mguu. Uliitikia kwa heshima yako ile ile, na ukafanya ulivyotaka. Siku zilizofuata ulionekana umepona. Ulinibebea gunia la maharagwe mpaka kwenye kibanda changu sokoni, ukawasalimia wanawake wote mstari mzima.

Mbale nilikwenda kwa sababu uliniomba. Dada yangu ameolewa huko, chini ya mlima Wanale, basi nikasema nitamtembelea na nitakuona ukicheza. Tulikaa upande wa jua, ng'ambo ya benchi lenu. Dada yangu hajui mpira, nikawa namwonyesha: yule mrefu, yule ndiye mwanangu wa Kongo. Kipindi cha kwanza ulikuwa mzuri sana. Ulipofunga lile bao, ulitafuta upande tuliokaa ukainua mikono.

Kipindi cha pili ulipiga mpira mmoja kwa kichwa, wa kawaida tu, ukasimama. Wenzako walikimbia, wewe ukasimama. Kisha ukatembea hadi ukingoni kwa kocha. Odong alikuwa golini, mbali. Nilikuona unainua vidole viwili mbele ya uso wako, unasema kitu, unarudia. Kocha akakutazama, naye akainua vidole viwili. Akakupa maji. Ukanywa, akakupigapiga begani, ukarudi uwanjani.

Mpira uliofuata, wewe uliruka kuufikia. Uliangukia ubavu na hukujikinga kwa mkono.

Nilivuka uwanja. Sijui nilipitaje, shuka langu lilibaki kwenye uzio. Kwenye gari la wagonjwa walinikubalia kuingia kwa sababu Odong aliwaambia mimi ni mama yako, na hakuna aliyeuliza zaidi. Hospitalini wauguzi walikuita kwa Lumasaba, lugha ya huko, wakakuita kwa Kiingereza, wakikutaka ufumbue macho. Nikawaambia waniachie mimi. Nilikuita kwa jina lako zima. Nilikusimulia habari za nyumba, za dada zako, za lolote lililonijia mdomoni. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya mji daktari akanigusa mkono, akaniambia nipumzike sasa.

Kocha Waiswa alikuja Mafubira siku tuliyokuwa tunasubiri mwili wako urudishwe Jinja. Alikataa kiti, kisha akakikubali. Tulikuwa tumezoea kusalimiana kwa Lusoga, mimi na yeye. Siku hiyo alifungua mdomo akasema Kiswahili, na kilimtoka kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mama, mimi nataka kuuliza kitu moja. Kijana alisema mbili mbili. Alisema sana. Ilikuwa nini?"

Nilimuuliza kwanza yeye alielewa nini.

"Dakika mbili," akasema. "Apumzike dakika mbili, iko sawa. Hiyo neno nilijua. Hata kwa sisi, kwa Lusoga, mbili ni ibiri."

Mwanangu, kwa dakika hiyo nilikuwa na uwezo wa kumwacha mtu yule na dakika zake mbili. Nilimtazama mikono, ilikuwa imetulia juu ya magoti kama ya mwanafunzi. Lakini maneno yalikuwa yako, si yangu ya kuyaficha.

"Alikuwa anaona vitu viwili viwili, kocha," nilimwambia. "Mipira miwili. Watu wawili wawili. Alikuwa anakwambia macho yake hayaoni sawa."

Hakulia. Aliuliza tena kama nina hakika, nikasema ndiyo, hakuna namna nyingine ya kuyasikia maneno hayo. Akabaki kitini. Nilimletea maji, hakuyagusa. Alipoondoka alisahau kuvaa viatu, ikabidi nimwite.

Kesho yake wakubwa wa timu walizungumza redioni. Walisema walisikitika, kisha wakasema ulikuja na ugonjwa kutoka kwenu ukauficha. Nilizima redio nikaizungushia kitambaa, kana kwamba ndiyo iliyosema.

Siku ya kukuombea, kabla gari halijaanza safari ya Uvira, mchungaji wa kanisa lako alisimama uwanjani mnapofanyia mazoezi, na sisi Waislamu wa sokoni tukasimama nyuma. Mkubwa mmoja wa timu alirudia yale ya redioni. Kocha alikuwa mbele na wachezaji. Hakungoja kupewa nafasi. Alisema kwa Lusoga, kisha akageuka kwa jamaa zako wawili waliotoka Kongo, akasema tena kwa Kiswahili ili wasikie wao wenyewe.

"Hakuficha. Aliniambia mimi. Mimi sikumsikia."

Alisimamishwa kazi wiki hiyohiyo. Hakuna redio iliyoyatangaza maneno yake. Sasa nasikia analima mihogo kwao, na timu ina kocha mwingine. Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Siku nyingine nadhani ndiyo. Siku nyingine namwona akiinua vile vidole viwili, na moyo wangu unakuwa jiwe, naogopa hata kusali.

Mimi na mama yako tunapigiana simu. Mwanzoni alikuwa amesikia ya redioni, jamaa walimfikishia. Alikuwa akijilaumu, akiuliza ni ugonjwa gani uliokuwa nao asioujua yeye aliyekuzaa, na kwa nini mtoto wake angenyamaza. Nilimweleza yote taratibu, chai iliyomwagika, vidole, maneno yako kama ulivyoyasema, na yale ya kocha mbele ya watu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Basi alisema," akasema. "Mwanangu alisema."

Akanishukuru, akakata simu. Nilikaa kizingitini mpaka giza likaingia.

Pumzika huko kwenu, baba, karibu na ziwa lenu.

Mama yako wa Mafubira,
Hajara