Viatu Mlangoni

Guangzhou, mwishoni mwa Novemba 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Nimekwisha kuhitimu. Naitanguliza habari hii kwa kuwa uliisubiri kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa kuwa ndiyo tuliyoifanya kikomo cha safari yetu: siku nitakapovaa joho, ulisema, tutatembea kipande cha mwisho cha ile njia ya mawe. Ulifariki dunia kabla masika hayajakwisha. Nimebaki na shahada mkononi na kipande kimoja cha njia mbele yangu.

Wenzetu wa nyumbani hawakuniamini nilipowasimulia kwamba mama anayeuza suruali za jinzi alikuwa akipanda milima ya Uchina. Hawakujua adha ya kusubiri. Ukishaagiza mzigo wako kwenye viwanda vya kule Xintang, hukuwa na la kufanya mpaka ushonwe, na daktari alikwisha kukuonya kwamba ugonjwa wa sukari haumtaki mtu wa kukaa. Ndipo tulipoanza kuifuata njia ya kale ya wachukuzi, kaskazini ya jiji, kipande kwa kipande. Kila ulipokuja tulianzia pale tulipoishia safari iliyotangulia. Uliniita niwe mkalimani wako. Ukanifanya mbeba chupa ya chai.

"Msomi mzima unahema kama cherehani kibovu," ulinitania kwenye ngazi za mawe.

"Cherehani hakipandi mlima, Shangazi."

"Hata hiki hakipandi. Kinaburutwa."

Nakumbuka pia ulivyoliigiza neno la wenye maduka, *meiyou*, yaani hakuna. Ulisema hiyo ndiyo bidhaa pekee wasiyoishiwa.

Lakini utani wako ulikoma kila tulipofika mwanzo wa kipande kipya. Ulisimama kwenye jiwe la kwanza, ukajitanda mtandio wako vizuri, ukabisha hodi mara tatu. Nyumbani kwako Magomeni wewe ndiwe uliyekuwa ukibishiwa, na kila mgeni ulimjibu kwa maneno yale yale hata kabla hujamwona: "Karibu. Viatu mlangoni." Kule mlimani nilikuuliza, kwa kiburi cha darasani, ulitarajia kuitikiwa na nani.

"Simtarajii mtu," ukasema. "Kwenye nyumba ya watu, usipojibiwa mara tatu unarudi. Hapa ni kinyume. Wakinyamaza, wameturuhusu. Siku ukiitikiwa, geuka, hata kama sauti unaijua."

Nilicheka. Wewe ulikuwa bado unasikiliza.

Jumapili iliyopita nilikwenda peke yangu. Huko nyumbani ni vuli. Huku majani yanapukutika, na upepo wa kaskazini ulikuwa umeleta ubaridi uliopenya hadi ndani ya mikono ya koti. Nilidhamiria kuimaliza njia kwa niaba yako, kisha nije nikutangazie kwamba hakuna tulichokiacha nusu. Nililikuta jiwe letu, lile bapa ulilokalia ukimenya yai huku ukinihimiza nisome. Mbele yake ngazi zilipanda hatua chache tu, kisha zikamezwa na ukungu. Hapakuwa na ndege aliyelia.

Nilibisha hodi. Sikubisha kwa imani, Shangazi. Nilibisha kwa adabu, kwa kuwa ndivyo ulivyonilea. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Baada ya mara ya tatu nilikwisha kuinua mguu.

"Karibu," ikasema sauti ndani ya ukungu. "Viatu mlangoni."

Ilikuwa sauti yako. Haikutoka mbali, ilikuwa ya mtu aliye chumba cha pili, anayekunja nguo, asiye na haja ya kuinuka. Ninayekuandikia nimefunzwa kutafuta sababu ya kila jambo, na ningependa kukuletea moja. Sinayo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sikuogopa. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonitisha leo, kwa sababu nilipojitazama nilikuta nimepiga goti juu ya jiwe, na vidole vyangu vimekwisha kuilegeza kamba ya kiatu cha kulia.

Hapo nikakumbuka: hata kama sauti unaijua.

Niligeuka. Ni rahisi kuliandika neno hilo, lakini mgongo wangu wote ulitaka kubaki. Sikuinama kuifunga ile kamba. Iliburuzika nyuma yangu ngazi kwa ngazi, nami sikutazama kama kuna kinachoikanyaga. Chini bondeni nilimkuta mzee akimwagilia kabichi. Nilimuuliza kama kuna mtu yeyote anayeishi kule juu.

"Meiyou," akajibu, bila kuinua kichwa.

Kwa hiyo njia yetu haijakamilika, Shangazi, wala sitarudi kuikamilisha. Kama si wewe uliyeniitikia, basi agizo lako ndilo lililonirudisha salama. Na kama ni wewe, naomba unielewe: nilikuwa na maneno yako mawili, nikalishika lile uliloniambia ukiwa hai.

Mwezi Januari narudi Dar es Salaam. Nitafika Magomeni, kwenye mlango wako, nami nitabisha hodi mara tatu kama ulivyonifunza. Yeyote atakayenifungulia atanikuta nimekwisha kuvua viatu.

Pumzika, laoban wangu, bosi wangu.

Mtoto wa kaka yako