Koti Lako Bado Halijakunjwa Upindo

Okoth, mume wangu mdogo,

Barua hii nimeiacha bila bahasha kwa makusudi. Marwa ataibandika kwenye banda la karasha, hapo mnaposagia mawe yenu, maana anasema hakuna mtu wa machimbo asiyepita hapo. Kama anayeisoma si wewe, namwomba asinicheke kwa hilo neno la mwanzo. Kwetu sisi Wajaluo bibi, ambaye tunamwita dani, humwita mjukuu wake wa kiume mume, na wewe tangu ulipojua kuongea ulikuwa unanijibu, "Haya mke wangu, chai iko wapi?" Namwomba pia aisome kwa sauti. Huenda uko karibu na hujapata nafasi ya kusogea.

Habari ya kwanza ninayotaka uijue ni kwamba kiti chako chuoni hakijachukuliwa. Ninakikalia mimi.

Utadhani natania, kwa hiyo acha nieleze. Uliposhindwa kurudi, nilishuka mjini kutoka hapa Turwa nikaenda chuoni kuuliza. Madam Rhobi, mwalimu wenu wa mitindo, aliniamkia shikamoo kwa kupiga goti kama zamani, maana nilimfundisha darasa la tatu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nafasi za kozi ya msingi ni chache na kiti kikikaa kitupu hupewa anayesubiri. Nikamuuliza, "Na kikiwa na mtu?" Akasema, "Mtu gani, Mwalimu?" Nikaenda pale dirishani, nikavuta kiti chako, nikakaa, nikavaa miwani. Darasa zima lilicheka. Rhobi peke yake hakucheka. Alinitazama, akageukia ubao, akaendelea na somo la kola.

Tangu siku hiyo naishi wiki yako, na nataka uijue ilivyo ili ukirudi usijikute mgeni.

Jumatatu tunachora. Sasa najua kwa nini ulikuwa unarudi na vidole vyeusi. Wanatufundisha kuchora mtu aliyesimama, na mtu wa mitindo hurefushwa miguu kupita binadamu yeyote niliyewahi kumwona Tarime hii. Wa kwangu alitoka mfupi na mnene. Neema, yule binti mnayekaa naye meza moja, akainama akatazama. "Bibi, huyo ni wewe au ni gunia la mahindi?" Nikamwambia ni gunia, lakini gunia lililostaafu kwa heshima. Wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikaona kwenye mbao za meza mahali ulipochora kola kwa ncha ya sindano, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Jumanne ni vipimo. Madam anasisitiza kwamba usimpime mtu aliyebana pumzi, kwa sababu siku atakapoivaa nguo atakuwa anapumua. Hilo wewe ulinifundisha kabla yake. Unakumbuka ulivyonisimamisha sebuleni, futi shingoni kama daktari, nami nikajibana tumbo nionekane msichana? Ukaniambia yale maneno yako, kwa ile sauti ya kujifanya mkubwa, hadi nikacheka futi ikaanguka. Maneno hayo sitayaandika hapa. Nitaeleza sababu huko mbele.

Jumatano tunakwenda sokoni kushika vitambaa. Tunafumba macho na kusema kwa vidole tu hiki ni pamba, hiki ni cha kiwandani chenye plastiki ndani yake. Kila nikipita kwenye mitumba nakuona ukiwa mdogo, umegeuza koti la watu ndani nje mbele ya mwenye mali. "Dani, angalia, aliyeshona hapa alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani." Na muuza mitumba: "Wewe dogo, unanunua au unakagua? Mama, mwondoe huyu afisa wako!" Nilikununulia lile koti kwa aibu. Ulilifumua lote siku hiyohiyo kuona lilivyojengwa, na hukuweza kulirudisha. Sikukugombeza. Mtoto anayefumua ili ajue, mwalimu hana cha kumgombeza.

Alhamisi ni cherehani, nami hapo sina tabu, ingawa miguu inavimba. Ijumaa kazi zinatundikwa ukutani, na kila mmoja anasimama kuikosoa kazi ya mwenzake bila kumtukana. Hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote. Leo ni Ijumaa, na nitakuambia yaliyotokea, lakini kwanza nieleze jambo ambalo watu wa hapa wanalisema vibaya.

Wanasema ulikimbilia dhahabu. Vijana wote walikuwa wanaondoka wakati huo, kweli. Rashi ya dhahabu ilipolipuka kule porini upande wa Serengeti, mashamba yalibaki na wazee, na bodaboda zilibaki bila waendeshaji. Lakini wewe uliondoka na futi na daftari la michoro. Madam alikuwa amewapa zoezi: chagueni watu wa kazi moja, mtazame nguo zao zinachakaa wapi, kisha muwabunie vazi. Neema alichagua wauza samaki. Wewe ukachagua wanaapolo, hao wachimbaji wanaoshuka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Ukaniambia mlangoni, "Dani, wanavaa mitumba ya ofisini kushuka shimoni. Viwiko vinaisha kwa wiki moja. Naenda Jumamosi, Jumapili jioni niko hapa." Marwa, jirani yetu, alikuwa anakwenda kuvuta mifuko ya mawe, mkaondoka pamoja.

Jumapili ulipiga simu kutoka Machochwe, mtandao unakatikakatika. Ukasema ungekaa kidogo, kwamba mtu haelewi kiwiko mpaka ashuke mwenyewe. Nikakuuliza, "Unashuka?" Simu ikakatika. Ulipopiga tena ulisema watu wanakuita Fundi na unawashonea mifuko ya mawe iliyopasuka. Hukunijibu lile swali, na hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyo nayo.

Kisha ikanyesha, na duara likatitia. Waliotolewa walitolewa. Hukuwamo katika waliotolewa hai, wala hukuwamo katika waliotolewa wamekufa, na walio chini bado hakuna anayejua majina yao, kwa sababu kule watu wanaitana kwa majina ya utani na hakuna aliyeandika nani ameshuka. Marwa alirudi na begi lako. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, hakutaka kuingia ndani.

"Dani, mimi sikumwona akishuka."

"Na kuondoka, ulimwona?"

"Sikumwona akiondoka pia. Niliinama kufunga mfuko. Nilipoinuka, watu wanakimbia."

Anasema wengi walikimbia kwa kuogopa kukamatwa, kwa kuwa eneo lile halikuruhusiwa, na wengine walivuka hadi Kenya. Nimempigia shangazi yako Migori mpaka ameanza kulia akiona namba yangu. Hujafika. Nimekwenda hospitali. Nimekwenda kituo cha polisi. Nimekaa stendi nikitazama kila basi linaloshusha watu, mpaka wapiga debe wakaacha kuniuliza ninakwenda wapi.

Sasa sikiliza vizuri, mume wangu, maana hapa ndipo mahali pabaya.

Huenda vijana jambo hili mnalisikia tu, kwa hiyo nalieleza. Mtu wetu akipotea na mwili usipatikane, wazee hukata tunda la mti wa yago, yaani mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake, wakalizika mahali pa mwili. Kaburi likifukiwa, mtu huyo amekwisha. Watu hulia, hunyoa, hula, na nyumba huendelea. Siudharau utaratibu huu. Nimeuona ukiwaponya watu waliokuwa wanaokota vijiti barabarani kwa huzuni. Lakini unafaa kwa mtu ambaye hana pa kutokea tena, na mimi sijaambiwa hivyo na yeyote.

Baba yako mkubwa alikuja Jumapili baada ya ibada. Tangu baba yako afariki yeye ndiye mwenye neno katika boma, na hakuitafuta kazi hii. Alikaa akazungusha kofia mkononi.

"Mama, tumekaa na wazee. Jumamosi ile ya wiki ijayo."

"Jumamosi kuna nini?"

"Mama, usinifanye niseme."

"Sema. Nimekusomesha ili uweze kusema."

Akasema. Akasema posa ya binti yake imesimama kwa sababu hakuna anayeoa katika nyumba yenye kilio ambacho hakijalizwa. Akasema mimi mwenyewe nimekonda, na watu wanamcheka kwamba mama yake anasoma ushonaji na watoto. Halafu akaliomba koti la wanaapolo, lile la zoezi lako. Wazee wanataka tunda livishwe nguo uliyoishika kwa mikono yako, na hakuna nguo uliyoishika kuliko lile koti.

Vipande vyake uliviacha vimekatwa na kukunjwa ndani ya begi: khaki ngumu, viwiko vya tabaka mbili, kunjo mbili mgongoni ili mtu aweze kuinama, na mfuko wa tochi kifuani ulioshonwa mshazari ili tochi isidondoke. Ulilipima kwa mwili wako mwenyewe. Nimelishona kila Alhamisi. Mkono wa kushoto Madam aliutazama akasema, "Shikamoo Mwalimu, samahani, fumua," nami nikafumua, mara ya kwanza na ya pili. Sasa limeungana lote isipokuwa pindo za chini na za mikono, ambazo nimezishikiza kwa uzi mweupe tu.

Nikamwambia baba yako mkubwa, "Koti halijaisha."

"Basi limalize, Mama."

"Upindo haukunjwi mezani. Mwenye nguo anasimama, mikono inaning'inia, ndipo unapiga chaki. Okoth bega lake la kulia limeshuka tangu alipoanguka kwenye mpera. Nikikunja kwa kukisia, mkono mmoja utapanda."

Kisha akasema taratibu, macho yametazama chini, "Mama, tunda halina mikono."

Nikamjibu, "Ndiyo maana siwezi kulipima."

Mwanangu yule ana mvi, Okoth. Alilia sebuleni kwangu kama siku niliyompeleka shule mara ya kwanza. Lakini tarehe hakuibadilisha. Alipoondoka alisema watakuja kulichukua koti asubuhi ya Jumamosi hiyo, na kama halijaisha watalichukua hivyohivyo.

Leo nimelitundika ukutani. Ilipofika zamu yangu, kijana mmoja wa nyuma akasimama kukosoa, maskini hakujua lolote, amejiunga juzi. Akasema mshono umenyooka, mfuko wa tochi ni wazo zuri sana, ila kazi haijakamilika, nyuzi nyeupe zinaonekana. Neema akamvuta shati akae. Madam Rhobi akasema, "Mwache, amesema kweli. Nini hakijakamilika?"

"Upindo, Madam."

"Kwa nini upindo haukunjwi?"

Niliona vichwa vyote vimeinama mezani, hata wale wanaopenda kunitania. Kisha Rhobi akasema, "Tunamsubiri mvaaji. Kazi inayofuata." Aliligusa bega la koti alipopita, lile la kulia.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na kazi ya mwalimu ni kueleza. Nimeeleza mvua inavyonyesha, nimeeleza kugawanya, nimeeleza vifo kwa watoto waliofiwa. Hili limenishinda kulieleza. Nikila, najiuliza kama umekula. Nikilala nahisi uzito wa udongo kifuani, naamka nikiitafuta hewa, na sijui kama pumzi hiyo ni yangu au ni yako. Mchungaji amenitaka niombe nipate kukubali. Naomba, ila sijaweza kuliomba hilo.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Kama unaogopa polisi, njoo, tutakwenda wote. Kama unaona aibu kwamba hukupata kitu, njoo mikono mitupu, ndiyo ninayoihitaji. Kama umeumia na huwezi kusafiri, au uko ng'ambo ya mpaka, mpe mtu yeyote mwenye simu yale maneno uliyoniambia sebuleni uliponipima. Marwa anaijua namba yangu. Sikuyaandika kwa sababu barua hii iko wazi, na wapo watu wema watakaonipigia kunifariji kwa uongo. Mtu atakayenitamkia maneno yale, hata kama ni saa ngapi, hata kama ni mlevi, nitamwamini, na nitakwenda kwa baba yako mkubwa kumwambia aliache tunda mtini.

Na wewe unayewasomea wenzako, kama unamjua kijana anayeitwa Fundi, mrefu, bega la kulia limeshuka, anayeshona mifuko ya mawe, mwambie bibi yake amemwita. Mwambie Jumatatu tunaanza suruali.

Ninapoandika hivi nimelivaa koti lako. Mikono imenifunika vidole, naikunja kila baada ya mstari ili niweze kushika kalamu. Jumamosi hiyo wakija watanikuta nimelivaa, na kama wanalitaka watalivua mwilini mwangu, wanangu mwenyewe. Chaki iko mfukoni, kwenye ule mfuko wa tochi. Njoo usimame mbele yangu kidogo tu, mikono ikining'inia. Upindo hauchukui muda.

Ni mimi Dani wako,
ninayekukalia kiti cha dirishani.